Kata Ndani ya Kata

Ini la ng'ombe lilikuwa limeanza kunuka, na Sekela hakuwa na nafasi ya kulifukizia udi.

Alilinunua buchani asubuhi ile, nusu kilo, akamwomba muuzaji asilioshe. Aliposema ni la maabara, muuzaji alicheka, akauliza kama wakemia wa siku hizi wanapikia kazini. Sasa ini lilikuwa limesagwa na kuchujwa, limebaki maji mekundu ndani ya tyubu, na katika maji hayo Sekela alikuwa ametia tone la dawa ya bluu na tone la kata. Alikuwa ameinamia kioo cha mashine akisubiri mstari mmoja. Mstari ule ukilala, angekunywa chai yake. Ukiinuka, mji mzima ulikuwa hatarini.

Hapa inabidi tusimame kidogo, maana neno kata limebebeshwa kazi nyingi na halijawahi kulalamika. Kuna kata ya kuchotea maji mtungini. Kuna kata ya diwani, yenye ofisi na bendera. Kuna kata ya kichwani, lile duara la majani makavu ya mgomba ambalo mtu huliweka utosini kabla ya kujitwika ndoo. Tena kuna kukata, kwa kisu au kwa simu. Katika mji wa dhahabu wa Isangala ilikuwa imezaliwa kata nyingine, na hiyo haikuonekana kwa macho, kwa sababu ilikaa ndani ya damu ya kila mkazi.

Wazee wa Isangala waliosha dhahabu kwa zebaki, mikono mitupu, baba hata mwana. Zebaki ikaingia mtoni, ikaingia kwenye samaki, ikaingia kwenye maziwa ya mama. Watu wakawa wanatetemeka kabla ya kuzeeka, na watoto wakachelewa kusema. Ndipo Sekela na wenzake wakatengeneza molekuli mbili zenye umbo la pete, ndogo ikikaa ndani ya kubwa. Pete ndogo huidaka zebaki. Pete kubwa huizunguka ile ndogo na kuiziba midomo, zebaki isitoke, na mwili huubeba mzigo huo bila kujua umebeba nini. Wakemia huiita kubwa mwenyeji na ndogo mgeni. Watu wa Isangala hawakuwa na haja ya maneno ya wakemia. Waliziita kata, wakachomwa sindano za kata, na mitetemo ikakoma.

Lakini mwenyeji wa namna hii hana mapenzi. Humshika anayemwenea vizuri zaidi. Akija mwingine anayeenea barabara, yule wa kwanza hutupwa nje, na alichokidaka humponyoka.

Mstari ukainuka.

"Mungu wangu," alisema Sekela, na hapakuwa na mtu wa kumsikia.

Dawa ya bluu peke yake haikuwa na shida. Jana alikuwa ameichanganya na kata tupu, bila ini, na mstari ukalala usingizi wa mtoto. Shida ilikuja pale ini lilipoimega dawa mkia wake. Kilichobaki kilienea ndani ya pete kubwa kuliko pete ndogo yenyewe, kikaisukuma nje, na zebaki ikamwagika. Hakuna aliyelijua hilo, maana huko dawa ilikotengenezwa watu hawana kata katika damu.

Na mchana huo dawa ya bluu ingetolewa kwa watoto wote wa kata tatu za mji, kuwakinga na homa ya bonde. Akina mama walikuwa wakiiogopa dripu, kwa hiyo mtu mzima mmoja anayeheshimika alikuwa amekubali kuwekewa yeye kwanza, asubuhi hiyo hiyo, waone kwamba haiui. Mtu huyo alikuwa Mzee Ambakisye, baba mkwe wa Sekela.

Aliiacha mashine inalia, akatoka mbio.

*

Kutoka maabara hadi kituo cha afya ni uwanja mmoja tu, na uwanja ulikuwa umejaa akina mama na watoto wao migongoni. Sekela aliwapita akisukuma mabega ya watu bila kuomba radhi. Akaingia wodini, akaliona pazia la kijani, na chini ya pazia akaiona jozi ya buti kuukuu zilizopangwa vizuri kando ya kitanda. Akasimama.

Isangala walikuwa na mila hii: mkamwana haonani na baba mkwe. Mila nyingi za pale zilikuwa zimekwenda na maji, hii ikabaki, labda kwa sababu haikumgharimu mtu chochote. Kwa miaka kumi na mmoja Sekela alikuwa amekaa ua mmoja na Mzee Ambakisye bila kuonana naye uso kwa uso. Mzee alikohoa mara mbili kila alipofika langoni, kikohozi kikavu cha makusudi, ili yeye apate nafasi ya kuingia ndani. Yeye aliweka chakula kizingitini, akagonga, akaondoka. Kukiwa na neno, Atupele, binti yake Sekela, ndiye aliyelibeba: Babu anasema chumvi imezidi, Mama anasema pole. Hata picha za harusi mzee alikataa kuziangalia. Wiki ya kwanza ya ndoa Sekela alikuta mlangoni kata mbili za mgomba zilizosukwa kwa ustadi, ndogo imewekwa ndani ya kubwa. Alizipeleka maabara akazitundika ukutani, na ni hizo zilizowapa watu jina la kuziita zile pete.

Sasa miguu yake ilikuwa imegoma mbele ya pazia. Kichwa kilimwambia ingia, miguu ikasema huko kuna mkwe wako. Kwa hiyo akapaza sauti.

"Nesi Bupe! Kata! Kata upesi!"

"Nimekusikia, dada!" Bupe alijibu kutoka ndani.

Sekela akashika kifua, akashusha pumzi. Alisikia mlango wa kabati ukifunguliwa. Alisikia pakiti ikichanwa. Ilimchukua muda kidogo, na kwa muda huo hatakuja kujisamehe, kujiuliza mtu anayekata dripu anatafuta nini kabatini.

Pazia likasogea. Bupe akatokeza, mwanamke mnene mchangamfu, jasho limemtoka, ameridhika na kazi yake.

"Tayari, dada. Nimemtia kata sindano mbili, kama ulivyosema. Na dripu nayo imeisha yote, hajabakiza hata tone. Mzee shujaa huyu!"

"Nilisema kata."

"Ndiyo, nimemtia."

"Kata dripu, Bupe! Kukata! Izuie!"

Bupe alifunika mdomo kwa mikono miwili. Hakuna aliyekuwa na kosa la kusimulia. Katika mji huu mkemia wa kata akiingia mbio anapiga kelele kata, kata, nesi yeyote angefungua kabati. Ila mtu aliyesimama kando ya kitanda angeubana mrija ule kwa vidole viwili tu, bila kusema neno, na Sekela alikuwa hatua chache kutoka pale, analinda heshima. Hasira ilimpanda, na yote ilikuwa juu yake mwenyewe.

"Zile kata zitamdhuru?" Bupe alinong'ona.

"Hazitamdhuru. Zitaichelewesha dawa kidogo, basi. Anajisikiaje?"

"Anasema mate yana ladha ya msumari."

*

Daktari Gwamaka, mkuu wa kituo, alimsikiliza amesimama. Alikuwa mtu mrefu ambaye wiki zile alikuwa amejikunja, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Sekela alipofika kwenye habari ya ini, daktari aliinua mkono.

"Ini la nani?"

"La ng'ombe, Daktari."

"La ng'ombe. Kutoka buchani." Alisema bila kucheka. "Mama Atupele, jana nimewafumba macho watoto wanne. Mama wa mmoja wao yuko hapo nje, amekuja na mtoto wake aliyebaki. Unataka nitoke nikamwambie arudi nyumbani kwa sababu ini la ng'ombe limekataa?"

"Kuna dawa ya zamani."

"Ya zamani inaokoa nusu."

"Hii mpya itawaokoa na homa, halafu itawamwagia zebaki ya miaka yote kichwani. Watoto, Daktari! Walioinyonya kwa mama zao!"

"Au haitawamwagia, kwa sababu wao si ng'ombe." Alikaa, akajifuta uso. "Sikudharau. Tumechomwa kata yako sote. Lakini dawa ikishafunguliwa joto hili linaiharibu, haifiki kesho, na homa haingojei kesho. Nikisimamisha, kuna watoto watakufa kwa sababu nimesimamisha. Nipe kitu cha kushika. Nipe damu ya mtu, iliyopita kwenye ini la mtu, zebaki imevuka mstari mwekundu. Nikiiona hiyo nitafunga masanduku yote ya dawa hii, hata wakinifukuza kazi."

Sekela aliyarudia maneno hayo kichwani. Damu ya mtu. Ini la mtu. Wote wawili waligeuka wakaangalia ukuta ambao nyuma yake kulikuwa na pazia la kijani. Hakuna mtu Isangala aliyebeba zebaki nyingi kuliko Mzee Ambakisye. Aliikamua kwa viganja vyake ujana wake wote.

"Kuna kata ya tatu," alisema Sekela polepole. Aliitoa mfukoni, chupa ndogo yenye maji yasiyo na rangi. "Pete kubwa kuliko zote mbili. Inaimeza iliyotupwa nje pamoja na zebaki yake, inaifunga, mwili unaitoa. Tunayo hii moja. Inamtosha mtu mzima mmoja."

"Basi mpe."

"Nikimpa sasa, itafunga kila kitu. Mashine haioni kilichofungwa. Damu itatoka safi, utasema ini la ng'ombe lilinidanganya, na utatoa dawa."

"Na ukingoja?"

"Kwanza inajaa kwenye damu, ndipo inapanda kichwani. Mpaka mashine iione vizuri, itakuwa imeshaanza kupanda. Nitamwokoa asife. Kilichokwisha kuungua hakirudi."

Nje mtoto alilia, akabembelezwa, akanyamaza. Daktari Gwamaka aliangalia chini.

"Mimi sijakwambia ufanye hivyo," alisema.

"Hujaniambia. Umeninyamazia tu."

Alimpigia mumewe, Lugano, na simu ikamjibu kwa sauti ile ile ya siku zote, kwamba anayempigia hapatikani. Lugano alikuwa shimoni, na asingetoka mpaka jua lizame.

*

"Nitamwambia mimi, dada," Bupe alisema mbele ya pazia. Alikuwa amelia. "Nitampelekea maneno yako. Nitamwambia taratibu, asishtuke."

"Hilo ndilo ninaloliogopa. Maneno yangu yamepita kwenye hili pazia mara moja leo, umeona yalivyofika."

"Lakini ni mkwe wako!"

"Najua ni mkwe wangu, Bupe."

Nani alimpa haki ya kumngojea mtu aungue? Na nani alimpa haki ya kumficha, akamchoma sindano, kisha mchana akasikiliza masanduku yakifunguliwa? Alikuwa amezungusha swali hilo tangu ofisini, na kila alipolizungusha lilirudi kwa mtu mmoja. Damu ni yake, kichwa ni chake. Aulizwe mwenyewe, na aulizwe na mwenye kuelewa anachouliza. Sekela alipiga moyo konde, akalivuta pazia mpaka mwisho.

Mzee Ambakisye alikuwa ameketi kitandani. Kwa nukta moja aliona mwanamke mbele yake, na mara ile ile akajua ni nani, pengine kwa hatua zake. Alishusha kofia usoni, akageukia ukuta.

"Toka, mama! Unafanya nini?" Sauti yake haikuwa ya ukali. Ilikuwa ya mtu aliyekutwa bafuni.

"Nisamehe, Baba. Nina neno, na leo halina wa kulibeba."

Akamwambia yote. Hakupunguza, hakuzungusha. Alimwambia dawa imefanya nini kwenye ini lake na kata zimeanza kufanywa nini. Alimwambia kuhusu chupa. Alimwambia kwamba akimpa sasa atarudi nyumbani jioni kwa miguu yake, na watoto watawekewa dripu. Akingoja, daktari ataona na watoto watanusurika, ila yeye hatakuwa huyu tena. Alimwambia pia kwamba alisimama nje ya pazia wakati dripu bado inatiririka. Mzee alisikiliza na kofia usoni. Kidole chake kimoja kilikuwa kimeanza kucheza juu ya shuka, chenyewe.

"Nitasahau nini kwanza?" aliuliza.

"Maneno, Baba. Majina ya vitu. Halafu ya watu."

"Na mikono?"

"Na mikono itatetemeka."

"Hiyo nilishaizoea zamani, mpaka ulipotuletea hivyo vidude vyako." Alikigandamiza kile kidole shukani. "Atupele yuko kwenye foleni?"

"Atupele ninaweza kumzuia mwenyewe. Ninaongelea wa wenzetu."

"Nimekuuliza yuko kwenye foleni."

"Yupo, Baba. Na shule nzima."

Mzee Ambakisye alivuta pumzi ndefu. Kisha akaivua kofia, akaiweka mapajani, akageuka. Alikuwa na uso mwembamba kuliko Sekela alivyofikiri, na kovu dogo juu ya jicho, na macho ya Lugano yale yale. Sekela aliinamisha kichwa kwa mazoea.

"Inua uso," alisema mzee. "Kama ni kusahau, angalau niwe na cha kusahau."

Akamtazama vizuri, bila haraka, kisha akatikisa kichwa kukubali.

"Basi ngoja," alisema. "Tusubiri hiyo damu."

*

Walisubiri. Bupe alileta mashine ndogo ya kupimia, akaiweka juu ya meza ya dawa. Sekela alivuta kata ya tatu yote kwenye bomba la sindano, akalishika mkononi. Kila mara Bupe alichoma ncha ya kidole cha mzee, akadondosha tone, na wote wakageukia kioo. Chini ya mstari mwekundu. Chini bado. Daktari Gwamaka alikuja akasimama mlangoni, akakunja mikono.

Mzee aliongea. Ungedhani mtu aliyenyamazishwa miaka kumi na mmoja amefunguliwa leo, na huenda ndivyo ilivyokuwa. Alimwambia Sekela kwamba chumvi haikuwahi kuzidi. Alikuwa akitafuta tu cha kumtuma Atupele, ili apate jibu. Alimwambia kwamba jiko la Sekela la nyuma alilitengeneza yeye mara mbili, Sekela akiwa kazini, na mara ya pili yeye ndiye aliyekuwa ameliharibu.

"Kwa nini uliharibu, Baba?"

"Nilitaka kujua kama ulipenda nilivyolitengeneza mara ya kwanza. Mtoto angesahau kuniambia."

Sekela alicheka, machozi yakamtoka, akayafuta kwa bega kwa sababu mkono ulikuwa na sindano.

"Na zile kata ulizoniwekea mlangoni?"

"Ndogo niliisuka kwanza. Ya mjukuu. Halafu nikaona ndogo peke yake itaonekana ninakudai mtoto hata wiki haijaisha." Alitabasamu. "Kwa hiyo nikasuka kubwa nikaizungushia, ili nifiche. Bado unazo?"

"Ziko maabara, ukutani."

"Ukutani! Zinabeba nini huko ukutani?"

Bupe akadondosha tone jingine. Mstari ulikuwa umepanda, umefika karibu kabisa na ule mwekundu, ukakaa hapo. Mkono wa mzee sasa ulikuwa ukicheza wote mpaka kiwiko. Daktari alipiga hatua kuelekea kitandani, akarudi mlangoni.

"Nilikuwa ninasema nini?" mzee aliuliza.

"Kuhusu kata, Baba."

"Kuhusu nini?"

"Ulizonisukia. Za kichwani."

"Eeh. Ile..." Alizungusha kidole hewani, akachora duara. "Ile ya kuwekea ndoo. Inaitwaje ile?"

Bupe aligeukia dirisha.

"Kata, Baba," alisema Sekela.

"Kata. Ndiyo, kata." Alifurahi kuipata. Tone jingine. Bado unywele mmoja chini ya mstari. Mzee akachora duara tena. "Inaitwaje ile, mama?"

"Inatosha!" Daktari Gwamaka alikuwa ameingia mpaka kitandani, uso umemwiva. "Mpe, Mama Atupele. Mpe sindano, nimeona, nimeamini, mpe!"

Sekela alikuwa ameshaushika mkono wa mzee, ncha ya sindano iko juu ya mshipa. Mwili wake wote ulitaka kusukuma. Aliyemzuia alikuwa mzee mwenyewe. Alimfunika kiganja kwa mkono wake unaotetemeka, akageuka kumtazama daktari, na kwa wakati huo macho yake yalikuwa macho ya mtu aliyeketi barazani kwake, mwenye akili zake zote.

"Wewe umeamini kwa sababu unanionea huruma," alisema. "Kesho huruma itaisha, watakuja wakubwa kutoka mjini wakuulize. Utawaonyesha nini?"

"Mzee..."

"Bado."

Bupe alikuwa akilia waziwazi. Alichoma kidole, akadondosha. Mashine ilifikiri, ikafikiri, na mstari ukavuka mwekundu, ukaendelea kupanda, na mashine ikalia mlio ambao hakuna aliyewahi kuusikia katika chumba kile. Daktari Gwamaka aliusoma mara moja tu. Akachomoa karatasi ya kipimo kutoka kwenye mashine na kutoka nayo nje, akitembea kama mtu aliyebeba moto.

Sekela alisukuma sindano mpaka mwisho.

Kupitia dirishani walisikia daktari akisema na watu, kisha wakasikia watu. Wengine walimshukuru Mungu. Mwanamke mmoja alipiga yowe, akamwita daktari muuaji, akauliza huyu aliyembakia sasa atakingwa na nini. Sekela alilisikia yowe lile mpaka mwisho wake. Alijua litamfuata nyumbani, na alijua anastahili kufuatwa nalo. Dawa ya zamani inaokoa nusu, na hiyo nusu nyingine ilikuwa na majina.

*

Mzee alilala mpaka alasiri. Kata ya tatu ilifanya kazi yake. Mkono ulitulia kiasi, moyo ukapiga sawasawa, na mashine haikuona tena kitu chochote katika damu, damu safi kabisa, kama Sekela alivyosema. Alikuwa amekaa kando ya kitanda na pazia wazi. Watu waliopita waliona, wakageuza macho. Hakujali.

Alikuwa amemtuma Bupe maabara amletee zile kata mbili, na sasa zilikuwa mapajani mwake, ndogo ndani ya kubwa, majani yamekauka mpaka yamekuwa mepesi.

Mzee Ambakisye alifumbua macho. Aliangalia dari, akaangalia dirisha, akashuka polepole mpaka kwenye lile duara la mgomba. Alilitazama kwa hamu, kama kitu kizuri alichokiona sokoni. Kisha akamtazama Sekela. Hapakuwa na kitu machoni mwake, ila adabu ya mtu mzima mbele ya mgeni.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama." Alisita. "Samahani, mwanangu. Wewe ni nani?"

Sekela alikuwa amejiandaa kwa swali hilo tangu asubuhi, na bado lilimchoma.

"Mimi ni mkamwana wako, Baba," alisema. "Mke wa Lugano."

Jina la Lugano lilimpita bila kugusa kitu. Lakini lile neno la kwanza lilifika mahali fulani chini ya majina, mahali ambapo zebaki haikufika. Mzee Ambakisye alishtuka. Alipapasa kitandani akaitafuta kofia, akaishusha usoni kwa mikono inayotetemeka, akajigeuza kwa taabu kubwa mpaka akaelekea ukutani. Kisha akakohoa mara mbili, kikohozi kikavu cha makusudi, ampe nafasi ya kuondoka.

Sekela aliinuka. Aliweka kata zote mbili kando ya mto wake, karibu na mkono, akarudi nyuma hatua kwa hatua bila kumpa mgongo. Alilivuta pazia, akasimama upande wa pili, hapo hapo aliposimama asubuhi.

"Nimepita, Baba," alisema.